Chumvi ya Achari

Mwezi wa Agosti jengo letu lote hunuka siki na vitunguu saumu. Kila jiko lina beseni la matango madogo, na kila balkoni ina mitungi ya vioo iliyopinduliwa ikikauka juani. Bibi Stoyna wa ghorofa ya pili ndiye huwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kunyamaza.

"Zornitsa, amka mwanangu," alikuwa akimwita mjukuu wake kila asubuhi. "Mkate hauna miguu, hautakuja wenyewe."

Zornitsa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake walifanya kazi Ujerumani, naye aliishi na bibi yake. Alishuka dukani akanunua mkate, akarudi, akala na jibini na nyanya. Kisha akajivika shingoni kamba yenye ufunguo, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tano, nyumbani kwa jirani yetu Mjomba Lazar, aliyekuwa likizoni baharini. Ufunguo ule aliuachia uning'inie juu ya fulana ili watoto wengine wauone.

Mjomba Lazar alikuwa dereva wa treni kabla ya kustaafu. Sebuleni kwake kulikuwa na tangi kubwa la kioo lenye samaki wa baharini, hapa Vratsa, mji ulio chini ya milima, ambao kutoka kwake hadi baharini ni safari ya kutwa nzima. Samaki walikuwa watano, na chini ya mawe waliishi kamba wadogo, lakini aliowapenda zaidi ni samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Mkubwa alimwita Vela na mdogo akamwita Dancho. Walikuwa wamekaa pamoja katika tangi lile tangu kabla Zornitsa hajazaliwa, na watu wa jengo letu tuliwasalimia kama majirani wengine.

Kwa ajili ya samaki hao, Mjomba Lazar hakuwa amelala nje ya nyumba yake kwa miaka mingi. Mkewe, Shangazi Nevena, alikuwa mvumilivu, lakini uvumilivu nao huchoka.

"Nimeolewa na mtu mwenye bahari sebuleni," aliwaambia majirani, "na mimi bahari yenyewe naiona kwenye televisheni."

Zornitsa ndiye aliyejitolea. Alisema mbele ya watu wote pale uani, "Nendeni tu, shangazi. Samaki nitawatunza mimi." Shangazi Nevena alimkumbatia hadi akakosa pumzi. Kesho yake alinunua kofia ya ufukweni, pana kama sinia.

Siku ya kuondoka Mjomba Lazar alimkabidhi ufunguo, akamwonyesha kazi. Chakula alikuwa amekigawa katika kijisanduku cha plastiki, kile ambacho wazee huwekea dawa zao, kila siku na chumba chake. Kwenye kioo cha tangi alikuwa amebandika utepe mwekundu. Balkonini, kivulini, aliyapanga madumu ya maji.

"Kwa joto hili maji hupungua," alisema. "Kila asubuhi ongeza maji ya madumu haya, mpaka yafike kwenye utepe. Haya tu, usiongeze kitu kingine. Unajua kwa nini?"

Wakati huo simu ya Zornitsa ilikuwa imetoa mlio. Rafiki yake Bilyana alikuwa amemtumia picha ya bwawa la kuogelea kijijini kwa shangazi yake.

"Najua, mjomba," alijibu, akatikisa kichwa huku na huku, kama sisi tufanyavyo tukikubali jambo.

"Ukikwama nipigie. Hata kama nakula, hata kama niko ndani ya maji, nipigie."

Siku za mwanzo kila kitu kilikwenda sawa. Zornitsa alilisha samaki, akaongeza maji, akakaa kwenye kiti cha Mjomba Lazar akimtazama Vela akimfukuza Dancho kutoka kwenye kona yake. Jioni Mjomba Lazar alipiga simu. "Wazee wangu hawajambo?" aliuliza. "Hawajambo," alijibu Zornitsa, na lilikuwa jibu la kweli. Nyuma ya sauti ya mjomba alisikika Shangazi Nevena akicheka na watu, na mawimbi yakivuma.

Kisha Bilyana akapiga simu mwenyewe.

"Kuna binamu zangu wote huku, na shangazi anatukaangia maandazi kila asubuhi," alisema. "Njoo, basi. Au umeolewa na samaki?"

"Siwezi kuwaacha."

"Samaki hawafi kwa siku mbili tatu, bwana. Kwani baharini nani huwapelekea chakula?"

Zornitsa alitaka sana kwenda. Bibi Stoyna alipomuuliza, "Na samaki wa watu?" alijibu haraka, "Nimeshamwambia Mjomba Lazar. Amesema wanaweza kukaa." Bibi alimtazama kidogo, lakini hakuwa na desturi ya kumchunguza mjukuu wake, akamfungia mtungi wa achari ampelekee shangazi ya Bilyana.

Huko kijijini alifurahi, tusiseme uongo. Lakini kila jioni simu iliita, naye alisimama kando ya bwawa na nguo za kuogelea zinazochuruzika maji, akasema, "Hawajambo, mjomba." Mara ya kwanza moyo ulimwenda mbio. Mara ya pili haukumwenda mbio sana.

Aliporudi mjini joto lilikuwa limezidi. Alifungua mlango wa ghorofa ya tano, akasikia pampu ya tangi ikikoroma. Maji yalikuwa yameshuka mbali chini ya utepe mwekundu, na mdomo wa pampu ulikuwa ukivuta hewa. Samaki wote watano walikuwa hai. Walikuja kwenye kioo walipomwona, Vela mbele, wakifungua na kufumba vinywa vyao.

Zornitsa alishusha pumzi. Kwanza alishughulikia kijisanduku cha chakula. Alikimwaga chooni chakula cha siku zote alizokosa, ili vyumba viwe vitupu kama inavyotakiwa. Kisha akaenda balkonini kuchukua dumu.

Hapo ndipo shaka ilipomwingia. Alichovya kidole katika maji ya dumu, akaonja. Hayakuwa na chumvi hata kidogo. Akachovya kidole katika maji ya tangi, akaonja, akatema. Yalikuwa makali. Kikombe kimoja cha maji matamu kila asubuhi hakikumtisha, lakini sasa palihitajika ndoo nzima. Samaki wa baharini amwagiwe ndoo nzima ya maji matamu? Aliona atawaua papo hapo.

Alitoa simu, akalitafuta jina la Mjomba Lazar. Kidole kilikuwa tayari kubonyeza. Lakini mjomba angeuliza, "Yameshukaje hivyo ndani ya siku moja?" Naye angejibu nini? Akairudisha simu mfukoni, akateremka kwa bibi yake.

Bibi Stoyna alikuwa na mikono ndani ya matango.

"Bibi," aliuliza Zornitsa, akichezea ukingo wa beseni, "unajuaje kwamba maji yamekolea chumvi ya kutosha?"

Bibi Stoyna alifurahi sana kuulizwa. Tangu Zornitsa azaliwe alikuwa akingoja aulizwe jambo kama hilo. "Kwa yai, mwanangu. Hivyo ndivyo alivyonifundisha mama yangu, na yeye alifundishwa na mama yake. Weka yai bichi ndani ya maji. Likizama, ongeza chumvi. Likielea na kichwa chake kikaonekana juu, kadiri ya sarafu, basi hapo maji tayari. Achari haitaoza hadi Pasaka."

"Na hiyo haikosei?"

"Yai halijui kudanganya," alisema bibi.

Zornitsa alisubiri bibi aende sokoni. Akachukua pakiti za chumvi kabatini na yai moja kwenye friji, akapanda juu. Alimimina maji ya dumu katika ndoo, akatia chumvi, akakoroga kwa mwiko, akaweka yai. Likazama. Akaongeza chumvi nyingine, likazama tena. Alipomaliza pakiti ya mwisho, yai lilipanda polepole likasimama, kichwa chake nje ya maji, kadiri ya sarafu. Alijisikia hodari. Aliyamimina maji yote katika tangi hadi kwenye utepe mwekundu, na pampu ikaacha kukoroma.

Wasomaji wangu mnaoishi karibu na bahari, najua mmeshashika vichwa. Maji ya achari yana chumvi mara tatu ya maji ya bahari. Tango hulowekwa humo ili lisiharibike. Samaki anataka kupumua.

Kesho yake asubuhi kamba wadogo waliokaa chini ya mawe walikuwa wamelala kifudifudi, weupe, hawatingishiki. Samaki wa njano alikuwa amejibana nyuma ya pampu. Vela hakuja kwenye kioo. Alikuwa chini, karibu na mchanga, akihema kwa nguvu, na Dancho alikuwa akimzunguka. Chakula kilishuka mbele yao kikafika chini, hakuna aliyekigusa.

Zornitsa aliketi sakafuni mbele ya tangi. Hakujua amefanya nini, lakini alijua ni yeye aliyefanya. Aliomba wapone. Aliahidi mambo mengi, kwamba hatakwenda tena bwawani, kwamba atamsaidia bibi matango yote ya dunia. Vela aliendelea kuhema. Mtoto alikaa pale mpaka jua likahama dirishani, na hali haikubadilika ila kuwa mbaya zaidi.

Jioni simu iliita.

"Wazee wangu hawajambo?"

Angeweza kusema wakati ule. Tangi lilikuwa mbele yake.

"Hawajambo, mjomba."

"Na Vela anamsumbua mwenzake kama kawaida?"

"Ndiyo."

"Mchokozi huyo. Shangazi yako amechomwa na jua pua yote, lakini anasema hataki kurudi. Asante, binti yangu. Hujui umetufanyia jambo gani."

Zornitsa alikata simu akalia. Usiku hakula supu yake baridi ya mtindi na matango, ambayo huwa anagombania bakuli la pili. Bibi alimshika paji la uso, akaona hana homa, akaondoa bakuli.

Asubuhi iliyofuata samaki wawili wadogo wa bluu walikuwa wamekufa. Zornitsa aliwatoa kwa kikombe, akawafunga katika gazeti. Hakutaka kuwatupa, hakujua awaweke wapi. Alikuwa bado amesimama katikati ya sebule na lile gazeti mkononi, mlango ukafunguliwa. Bibi Stoyna aliingia akihema kwa ngazi, na aproni yake kiunoni.

"Nimefungua kabati, chumvi hakuna," alisema. "Nikajiuliza, mtoto aliniuliza habari za chumvi kwa nini..." Akaiona ndoo pembeni na yai ndani yake. Akalitazama tangi. Alinyamaza kwa muda, na kumwona Bibi Stoyna amenyamaza kulimtisha Zornitsa kuliko kelele zozote.

"Umewatia maji ya achari?"

Zornitsa akasema yote. Alieleza habari za bwawa, chakula alichomwaga chooni, na zile "hawajambo" moja baada ya nyingine. Bibi alijishika kifua, akaketi kwenye kiti cha Mjomba Lazar.

"Na mimi nilivyojisifu na yai langu," alisema. "Mpigie simu."

"Naogopa, bibi."

"Najua unaogopa. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yako imefika mwisho. Mpigie sasa hivi, wangali wanapumua."

Simu iliita mara moja tu. Zornitsa alisema bila kupumzika, kwa kuwa alijua akipumzika hatamaliza. Kisha Mjomba Lazar akasema, kwa sauti aliyoitumia zamani kwenye redio ya treni, bila hasira wala upole, "Nisikilize vizuri. Madumu mangapi yamebaki?"

"Matatu."

"Toa maji ya tangi kikombe kimoja, tia kikombe kimoja cha maji ya dumu. Polepole, na upumzike kila baada ya vikombe vichache. Ukiwabadilishia ghafla watakufa kwa hilo nalo. Maji ya bomba usiyaguse, yana dawa."

"Mjomba, lakini haya ya dumu hayana chumvi."

"Ndiyo, hayana. Joto likipandisha maji hewani, huchukua maji peke yake. Chumvi hubaki ndani ya tangi. Kilichopungua ni maji matamu, kwa hiyo kinachorudishwa ni maji matamu. Nilikuuliza siku ile kama unajua kwa nini."

Bibi Stoyna alivua saa yake ya mkononi akaiweka juu ya meza, akakunja mikono ya nguo. Yeye alitoa kikombe, mjukuu akatia kikombe. Walifanya hivyo kutwa nzima bila kuzungumza sana. Matango kule chini yalinyauka ndani ya beseni, na hiyo ni mara ya kwanza watu wa jengo letu kuona matango ya Bibi Stoyna yakinyauka.

Dumu la mwisho lilipokwisha, Vela alikuwa amelala ubavu. Dancho alikuwa akimsukuma kwa pua, anamsukuma na kungoja. Zornitsa aligeuza uso ukutani.

"Atapona, bibi?"

Bibi Stoyna angeweza kusema ndiyo, kama watu wazima wengi wanavyosema. "Sidhani, mwanangu," alisema.

Mjomba Lazar na Shangazi Nevena waliingia kesho yake na treni ya asubuhi. Likizo yao ilikuwa haijafika hata nusu. Shangazi Nevena alikuwa amevaa ile kofia ya ufukweni, pua yake nyekundu, akapita moja kwa moja chumbani kuweka sanduku. Mjomba Lazar alikwenda kwenye tangi bila kuvua viatu. Alipima maji, akachanganya mengine, akafanya kazi yake kimya. Vela alikuwa amekwisha kufa alfajiri. Alimtoa kwa kiganja chake mwenyewe, akamshika kwa muda mrefu, mzee mkubwa yule mwenye mikono ya kuendeshea treni, na machozi yakamtoka mbele ya mtoto.

Walimzika nyuma ya jengo, chini ya mti wa plamu, pamoja na wale wawili wa bluu. Zornitsa alichimba. Aliporudi juu alivua ile kamba shingoni akauweka ufunguo mezani. Alitumaini kidogo kwamba mjomba angesema, "Kaa nao." Mjomba Lazar aliuchukua akautia mfukoni.

"Mjomba, nisamehe. Ni ile chumvi. Sikujua."

"Kaa hapa," alisema Mjomba Lazar, akamvutia kiti. "Kutojua si kosa. Mimi mwenyewe nilipoanza niliua samaki kwa kutojua. Kuuliza si ujinga, na simu yangu ilikuwa wazi. Maji yaliposhuka ungenipigia, ningekwambia, tungekuwa na Vela leo. Hata baada ya kumwaga chumvi, ungesema jioni ile ile, tungemwokoa. Unajua kilichokuzuia?"

"Niliogopa utajua nilikwenda bwawani."

"Basi chumvi usiilaumu. Vela ameuawa na 'hawajambo'. Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo, wa kwenda kuogelea tu. Lakini ukishasema uongo mmoja, huwezi tena kuomba msaada, maana msaada utaufichua. Anayeficha ugonjwa huwa amemfungia mganga mlango."

Shangazi Nevena alikuwa amesimama mlangoni. Zornitsa alishindwa kumtazama.

"Na wewe shangazi, bahari yako..."

"Bahari haihami," alisema Shangazi Nevena. Kisha akaivua kofia na kuitundika nyuma ya mlango. Mwaka ule haikutoka tena pale.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini kila asubuhi, hadi shule zilipofunguliwa, Zornitsa alipanda ghorofa ya tano. Hakuwa na ufunguo, alibisha hodi. Alitia kikombe chake cha maji matamu hadi kwenye utepe mwekundu, na Mjomba Lazar akasimama nyuma yake akitazama. Samaki wa njano alianza kula. Dancho alikaa katika kona ya Vela, hakutoka.

Asubuhi moja Mjomba Lazar alikuwa jikoni akichemsha kahawa, akauliza kutoka kule kule, kwa sauti ya zamani ya kwenye simu, "Mzee wangu hajambo?"

Zornitsa aliinama hadi pua ikagusa kioo. Alimtazama Dancho kwa makini, mapezi, macho, na jinsi alivyopumua.

"Hapana, mjomba," alisema. "Amekula punje mbili tu, nyingine ametema. Na pezi lake la kushoto bado limekunjamana."

Mjomba Lazar alitoka jikoni na kikombe cha kahawa mkononi. Aliinama kando yake, akatazama, akaliona lile pezi.

"Hilo ndilo jibu nililokuwa nikilitaka siku zote," alisema. "Kesho nikumbushe nikuonyeshe namna ya kupima chumvi. Si kwa yai."